Nikimwita binti yangu Khaleesi, kuna kampuni itakayonidai jina lake?

#1 Baba Kichanga Uyole

Habari zenu wakuu. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Mke wangu amejifungua binti wiki tatu zilizopita hapa Mbeya. Mama na mtoto wazima, Mungu ashukuriwe. Tangu mimba ikiwa na miezi minne alishasema, akija wa kike ataitwa Khaleesi. Ile tamthilia ya Game of Thrones ameitazama yote mara mbili, kila msimu anaujua. Mimi sikuwa na neno, jina linatamkika vizuri.

Jumapili shemeji yangu kaja kumwona mtoto. Aliposikia jina akaninyamazia. Baadaye tukiwa nje tunaangua parachichi ndipo akaniambia kwamba Uingereza kuna mtoto aliyenyimwa pasipoti kwa jina hilohilo. Kampuni ya filamu imelisajili, na mama yake akaambiwa alete kibali cha kampuni. Nikadhani utani. Usiku nikatafuta nikakuta ni kweli, iliripotiwa Agosti 2024, mtoto wa miaka sita, mji wa Swindon, kampuni yenyewe Warner Bros.

Usingizi ukaisha. Wiki ijayo ni kliniki, na cheti cha kuzaliwa tulipanga kukichukua siku hiyohiyo. Naomba mnieleweshe, jina la mwanangu linawezaje kuwa mali ya mtu mwingine? RITA, wale wasajili wa vizazi na vifo, wanaweza kulikataa? Au litapita leo, halafu binti aje akwame akiwa na miaka ishirini anaomba pasipoti? Mke wangu bado sijamwambia.

#2 Muuza Mchele Kabwe

Hongera sana mkuu. Naweka kigoda hapa, nami wangu wa tano yuko njiani.

#3 Mzee wa Tukuyu

Mwanangu, hongera kwa mtoto. Swali lako ni zuri, ila mimi nalianzia mbali na ulipoanzia.

Sisi Wanyakyusa jina ni habari. Ukisikia Tusekile, ujue siku ile nyumba ile ilifurahi. Atupele ni kwamba Mungu ametupa. Atuganile, ametupenda. Gwamaka, Lusajo, Ipyana, Lugano, yote hayo yana maneno ndani yake na yana watu waliyoyabeba kabla. Mtoto akiitwa, anaitwa pamoja na bibi yake. Sasa wewe umekwenda kuchukua jina kwa watu wanaoliuza, halafu unashangaa wenye duka wanauliza risiti.

Sikulaumu. Nasema tu, jina la Tusekile hakuna kampuni itakayokuja kulidai.

#4 Wakili Gangilonga

Kamwene wadau. Baba Kichanga, lala usingizi. Naeleza kwa ufupi, wenye maswali waulize.

Alama ya biashara haimpi mtu umiliki wa neno. Inampa haki ya kulitumia neno hilo *kwenye bidhaa au huduma fulani* ili mnunuzi asichanganywe. Bidhaa na huduma zimegawanywa kimataifa katika madaraja 45. Nguo ziko daraja la 25, vinyago vya watoto la 28, burudani la 41. Hakuna daraja la watoto. Mtoto si bidhaa wala huduma, hauzwi sokoni, kwa hiyo kumwita jina hakuingii kwenye sheria hiyo kabisa.

Kwetu Tanzania Bara sheria ni ile ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na msajili yuko BRELA, wakala wa usajili wa biashara. RITA ni taasisi nyingine na daftari lake ni jingine. Msajili wa vizazi hana kazi ya kufungua daftari la alama za biashara anapoandika jina la mtoto. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto ana haki ya jina, na mzazi ana wajibu wa kumsajili.

Jambo la mwisho, alama iliyosajiliwa Uingereza inalindwa Uingereza. Kuna ulinzi wa ziada kwa alama mashuhuri sana, lakini nao ni wa bidhaa, hauhusu ubatizo.

#5 Binti Kalenga

Kaka Baba Kichanga, shemeji yako kakusimulia nusu ya habari. Yule mtoto wa Swindon alipata pasipoti. Mama yake alitafuta ushauri wa kisheria, kisha ofisi ya pasipoti ikampigia simu kuomba radhi. Wakasema mwongozo waliotumia unawahusu watu *wanaobadili* majina, hauwahusu waliozaliwa wakaandikwa hivyo kwenye cheti. Walikosea kuusoma mwongozo wao wenyewe.

Kilichoniuma mimi ni kwamba mtoto alikuwa ameahidiwa safari ya kwenda Disneyland kule Paris, na vitu vishalipiwa. Fikiria kumweleza mtoto wa miaka sita kwamba jina lake ndilo lililomzuia.

#6 Kijana wa Tunduma

Binti Kalenga, mbona baada ya hapo wamerudia? Oktoba mwaka huohuo 2024 kuna mtoto wa mwanajeshi, jina lake la kati Skywalker, lile la Star Wars. Naye aliwekewa kikwazo, safari hii wakataja hakimiliki ya Disney. Ikabidi kelele zipigwe ndipo mambo yakatengemaa. Kosa linalotokea mara mbili ndani ya miezi michache si kosa tena, ni utaratibu wa ofisi.

Tena nadhani Wakili ameruka kitu. Kuna alama ya biashara na kuna hakimiliki. Neno "Khaleesi" halikuwepo duniani, mtu alikaa akalitunga. Aliyetunga ana haki na alichotunga. Mimi nikitunga mdundo ukautumia bila kuniambia nitakushtaki, kwa nini neno lisiwe hivyo?

#7 Mtazama Tamthilia Iyunga

Kabla hamjaendelea, Khaleesi si jina. Ni cheo. Kwenye lugha ya Kidothraki, khal ni mtawala na khaleesi ni mke wake. Yule dada mwenye majoka anaitwa Daenerys. Kwa hiyo Baba Kichanga unamwita binti yako "Mke wa Chifu" akiwa na wiki tatu.

Lugha ile ilijengwa na mtaalamu wa isimu aliyeajiriwa na HBO, David Peterson, lakini neno khaleesi lenyewe limo tangu kwenye riwaya za George R. R. Martin, ya kwanza ilitoka 1996. Tamthilia ikaanza 2011. Sasa mwenye neno ni nani hapo? Mwandishi, mtaalamu wa lugha, au kampuni?

#8 Mzee wa Tukuyu

#7 umenifurahisha. Mke wa chifu! Basi mahari ijulikane mapema.

#9 Mama Elsa Mavazi

Naomba niseme yangu, kwa sababu hapa watu wanazungumza sheria za mbali na mimi yamenikuta hapahapa Mwanjelwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya watoto ya sherehe, ubatizo, kuzaliwa, hayo. Binti yangu anaitwa Elsa, kazaliwa 2016. Nilipoanza kushona nikaita kazi yangu kwa jina lake. Nikachapisha lebo ndogo za kushonea shingoni, nikachapisha stika za mifuko. Gauni za bluu zinapendwa sana, nikawa nashona nyingi, na kwa kuwa wateja walitaka, nikaweka na picha ya yule Elsa wa filamu ya Frozen kifuani.

Ukurasa wangu wa mtandaoni ulikuwa na wafuasi wazuri, oda zinatoka mpaka Songea. Asubuhi moja naamka, ukurasa haupo. Ujumbe unasema kuna mwenye haki amelalamika. Nikaandika kuwaeleza kwamba Elsa ni mwanangu, nikawatumia mpaka picha ya cheti chake cha kuzaliwa. Hawakunijibu hata neno moja. Miaka miwili ya kazi ikapotea, na namba za wateja wote zilikuwa humo.

Kwa hiyo Wakili, unaposema mtoto hayumo kwenye madaraja 45 ni sawa. Lakini mtoto ana mama, na mama anafanya biashara, na jina la mtoto ndilo la kwanza linalomjia mtu anapofungua duka. Mitaa yote hii ni Mama Fulani. Hapo ndipo jina linapogongana.

#10 Muuza Mchele Kabwe

Pole sana dada. Hiyo inaumiza.

#11 Wakili Gangilonga

Mama Elsa, pole kwa moyo wote. Kisa chako kina mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja, na ni muhimu kuyafungua.

La kwanza ni picha. Mchoro wa yule mhusika ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki. Hapo hata gauni lako lingeitwa Sikujua, picha ile ingekuletea shida. La pili ni jina. Elsa ni jina la watu tangu zamani, ni kifupi cha Elisabeth, na filamu ile ya Frozen ilitoka 2013 tu. Sheria za alama za biashara, pamoja na hizi tulizorithi kwa Waingereza, kwa kawaida humwacha mtu atumie jina lake mwenyewe kwa nia njema. Tatizo ni kwamba ukiweka jina na picha pamoja, nia njema inakuwa ngumu kuionyesha.

Na kwa faida ya wote, *jina la biashara* na *alama ya biashara* ni vitu viwili, ingawa vyote vinasajiliwa BRELA. Ukisajili jina la biashara hujapata alama. Alama ikisajiliwa inadumu miaka 10, kisha unahuisha.

#12 Karani Mstaafu Mlandege

Wakili kwa heshima, hapo sahihisha. Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha kila ukihuisha unapewa 10. Nimezijaza fomu hizo miaka mingi.

#13 Wakili Gangilonga

Kweli kabisa mkuu, ni 7 kisha 10. Asante.

#14 Mzee wa Tukuyu

Mama Elsa, mwanangu, nisikilize. Mama yangu mkubwa alibatizwa Elsa na Wamoravian pale Rungwe. Wamisionari wale walifika 1891 na majina yao ya Kijerumani, na nusu ya bibi zetu wakayachukua. Amezikwa na jina hilo, msalaba upo, kila mwaka tunapalilia. Hiyo kampuni ilikuwa wapi siku zile?

Hapo awali nilisema majina ya kuletwa yana wenyewe. Nikikumbuka Elsa wetu, naona nimesema haraka. Jina likikaa kwenye ukoo vizazi vitatu, ni la ukoo.

#15 Mwalimu wa Mafinga

Salaam. Nimjibu Kijana wa Tunduma kuhusu hakimiliki, maana hoja yake wengi wanayo.

Hakimiliki hulinda kazi iliyokamilika, yaani riwaya, wimbo, mchoro, filamu. Neno moja kwa kawaida ni dogo mno kulindwa peke yake. Sheria yetu ni ya mwaka 1999, na ulinzi ni maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake.

Nitumie mifano yetu. Ben Mtobwa alimtunga mpelelezi Joram Kiango. Elvis Musiba akamtunga Willy Gamba. Nilipokuwa naanza ualimu, vitabu hivyo vilikuwa vinapita mkono kwa mkono bwenini mpaka kurasa zinalegea. Nimefundisha kijana mmoja Joram ambaye baba yake aliniambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba jina kalitoa kitabuni. Mtobwa alifariki 2008, kwa hiyo hadithi zake zinalindwa hadi 2058. Je, yule kijana angoje mpaka 2058 ndipo awe huru kuitwa Joram? Hapana. Lakini mimi nikiandika leo kitabu kipya cha Joram Kiango nikakiuza, familia ya marehemu ina haki ya kuniuliza, na ningeona aibu wasiponiuliza.

Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu hiyo Adili na wahusika wake wengine wako huru tangu 2012 ilipokwisha. Ila Adili ni sifa kwanza kabla ya kuwa mhusika, kwa hiyo mfano huo si mzuri sana, niuache.

Mfano bora ni Wendy. Jina hili lilisambaa kutoka tamthilia ya Peter Pan ya mwaka 1904, kabla ya hapo lilikuwa nadra mno. Mwandishi wake, J. M. Barrie, alitoa haki za kazi ile mwaka 1929 kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, na Waingereza waliweka kifungu maalumu mwaka 1988 ili hospitali iendelee kupata mrabaha. Wendy wamejaa duniani, wengine wakubwa wana wajukuu. Sijasikia Wendy hata mmoja aliyetumiwa ankara.

#16 Kijana wa Tunduma

Mwalimu nimekuelewa nusu. Lakini basi mbona ofisi ya Uingereza ilitaja hakimiliki kwa yule Skywalker? Watu wa serikali hawajui tofauti?

#17 Binti Kalenga

Ndiyo, hawakujua. Au waliogopa. Mimi naona ni woga. Karani akiona jina kubwa la kampuni kwenye kioo cha kompyuta, anaona heri amsumbue mama wa Swindon kuliko kampuni iliyo na mawakili mia.

#18 Dereva wa Makambako

Mnasahau sisi wenyewe tulishachukuliwa! Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, hayo yote ni maneno yetu, yakawekwa kwenye filamu ya Disney ya 1994. "Hakuna Matata" wakaenda kuisajili Marekani kwa ajili ya fulana, usajili ukatoka 2003. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja akaanzisha malalamiko mtandaoni, watu zaidi ya laki moja wakaweka saini.

Sasa niambieni, wao wakichukua neno letu ni ubunifu, sisi tukichukua lao tuombe kibali?

Mwanangu wa kwanza anaitwa Nala. Jina zuri la Kiswahili, maana yake zawadi. Nani atanidai?

#19 Mwalimu wa Mafinga

Dereva, nakubaliana na uchungu wako, ila Nala si neno la Kiswahili. Halimo kwenye kamusi kwa maana ya zawadi wala nyingine. Tovuti za kigeni za majina ya watoto ndizo zinazoeneza hilo. Shenzi, na Kovu wa filamu ya pili, ndiyo, hayo ni yetu.

Na Hakuna Matata, usajili ule ni wa mavazi tu. Hakuna aliyekatazwa kulisema. Tena sisi huku nani husema hakuna matata? Tunasema hakuna shida.

#20 Dereva wa Makambako

Mwalimu, miaka tisa nawaambia watu ni zawadi! Haya. Kwangu mimi ni zawadi, hilo halibadiliki.

#21 Mama Elsa Mavazi

Kovu mngemwita mtoto gani jamani.

#22 Nesi wa Kijijini

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku. Nawaambia ninachokiona mezani kwangu.

Usajili wa watoto chini ya miaka mitano ulipoanza mkoani kwetu Mbeya 2013, kazi ilihamia kwetu, zahanati, vituo vya afya na ofisi za kata. Baadaye Iringa na Njombe nao wakaingia. Mzazi halipi. Tunajaza fomu, tunatuma taarifa kwa simu, tunaandika cheti kwa mkono palepale, mama anaondoka nacho. Miaka yote hiyo sijawahi kuambiwa niulize jina ni la kampuni gani. Nimeandika Rihanna, nimeandika Jasmine, nimeandika Messi.

Shida ya jina lenu la Khaleesi ni nyingine na hakuna aliyeigusa. Herufi! Mama analitamka, mimi nasikia Kalisi. Mwenzangu wa zamu nyingine anasikia Halisi. Kadi ya kliniki inaandikwa Kalisi, cheti Khalesi, shuleni mwalimu anaandika Kaleesi. Miaka kumi na minane baadaye binti anakwenda NIDA kuomba kitambulisho cha taifa, majina hayafanani, anatakiwa kula kiapo kwa wakili kwamba Kalisi na Khaleesi ni mtu mmoja. Hao ndio ninaowaona wakizunguka maofisini na bahasha ya khaki, siyo waliodaiwa na kampuni za filamu.

Baba Kichanga, liandike jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Usimtamkie msajili, mpe karatasi. Kisha usiondoke kabla hujasoma cheti herufi kwa herufi, maana kurekebisha baadaye ni safari.

#23 Muuza Mchele Kabwe

Nesi umenena. Mimi mwenyewe cheti kina Emanuel, NIDA ina Emmanuel. Nauli nilizotumia ningenunua gunia.

#24 Mnjombe Ughaibuni

Niko Ufaransa mwaka wa kumi sasa. Nawapa ya huku, maana wao waliyapitia haya zamani.

Kuna wazazi walitaka kumwita binti yao Nutella, ile siagi ya chokoleti. Msajili akapeleka kwa mwendesha mashtaka, ikafika mahakamani Valenciennes. Wazazi siku ya kesi hawakutokea, hakimu akaamua mtoto aitwe Ella. Lakini angalieni sababu. Hakimu hakusema jina ni la kampuni. Alisema mtoto atachekwa. Vilevile jimbo la Sonora huko Mexico mwaka 2014 liliweka orodha ya majina 61 yaliyokatazwa, yakiwemo Harry Potter, Rambo na Facebook, na sababu ilikuwa hiyohiyo ya kumkinga mtoto na kebehi.

Halafu kuna kesi iliyogeuka kinyume. Renault walipotangaza gari la umeme lenye jina Zoé, familia zenye watoto wa jina hilo zilikwenda mahakamani mwaka 2010 kuzuia, kwamba mabinti zao watataniwa maisha yote. Wakashindwa, na gari likatoka.

Kwa hiyo mimi naona swali la kweli si kama kampuni inaweza kumzuia mtoto. Ni kwamba mtoto hawezi kuizuia kampuni.

#25 Binti Kalenga

#24 umegusa penyewe, na hapa nasema kama Mhehe.

Babu yetu aliitwa Mkwavinyika, mwenye kuteka nchi. Watu wakafupisha, Mkwawa. Aliwashinda Wajerumani pale Lugalo 1891, akafa 1898, fuvu lake likarudi 1954 na liko kwetu Kalenga. Jina lake leo liko kwenye chuo kikuu kishiriki, kwenye shule, mitaa, na ukipita mjini Iringa utaliona kwenye vibao vya biashara. Wajukuu wapo, wanaishi, wanalitumia kama jina la ukoo. Nani aliwahi kuja Kalenga kuomba kibali?

Sisemi waliombe wote. Vingine tunaviona ni heshima. Lakini neno lililotungwa na kampuni juzi lina walinzi mpaka kwenye dirisha la pasipoti, na jina la mtu aliyekufa kwa ajili ya nchi halina hata mtu wa kupigiwa simu. Hilo sheria ya madaraja 45 hainijibu.

#26 Wakili Gangilonga

Dada Binti Kalenga, kwa kweli sheria hiyo haikujibu. Sheria ya alama inamwangalia mfanyabiashara na mnunuzi. Ukoo haumo. Kusajili jina la marehemu mashuhuri kama alama kunaweza kupingwa wakati wa maombi, muda wa kupinga upo, lakini ni lazima mtu awe anafuatilia matangazo. Koo zetu hazifuatilii.

#27 Mzee wa Tukuyu

Basi zianze kufuatilia.

#28 Kijana wa Tunduma

Naleta upande mwingine kidogo. Si kila kampuni hukasirika. Mwaka 2011 wenye mchezo wa kompyuta wa Skyrim walitangaza kwamba mtoto atakayezaliwa siku mchezo unatoka, 11/11/11, akaitwa Dovahkiin kama shujaa wa mchezo, familia itapewa michezo yao yote bure. Kuna wazazi walifanya hivyo, wakapewa. Na mwigizaji Nicolas Cage mtoto wake wa 2005 anaitwa Kal-El, jina la kuzaliwa la Superman. Yupo tu.

Kwa kampuni hayo ni matangazo ya bure. Sidhani Warner Bros. walikuwa hata na habari na mtoto wa Swindon.

#29 Mama Elsa Mavazi

Kijana, matangazo ya bure mpaka siku utakapouza kitu. Mimi nilikuwa nawatangazia bure miaka miwili.

#30 Karani Mstaafu Mlandege

Hata wakubwa hugombana. Kylie Jenner aliomba kulisajili "Kylie" Marekani, Kylie Minogue akapinga mwaka 2016, na 2017 ombi likakataliwa. Wote wawili ni majina waliyopewa na wazazi wao. Kwa hiyo hoja ya "ni jina langu la kuzaliwa" haifungui kila mlango. Hapo sikubaliani sana na Wakili.

#31 Wakili Gangilonga

Karani, kulitumia jina na kuwazuia wengine wasilitumie ni haki mbili tofauti. Jenner hakukatazwa kuitwa Kylie. Ila nakubali, mahali mstari unapopita hugombaniwa kila siku.

#32 Baba Kichanga Uyole

Wakuu, nimerudi. Shikamoo mzee wa Tukuyu, na wote mliochangia, ndaga fijo.

Nilimwambia mke wangu kila kitu, nikamsomea mpaka maneno ya Nesi. Hakukasirika. Alicheka tu kwenye "Mke wa Chifu", kumbe alikuwa anajua. Mama mkwe naye kafika kutoka Kyela na mchele wake, akambeba mtoto, akasema huyu ni Tusekile, na tangu hapo hajamwita kwa jina jingine.

Leo tumekwenda kliniki. Nilikuwa na karatasi ya herufi kubwa. Dada wa usajili akaniuliza, "Hili la pili ni la Kizungu?" Nikamwambia hapana, ni la kutungwa. Akaandika. Tusekile Khaleesi, herufi zote nane za Khaleesi zimekaa, nimezihesabu mara tatu kabla ya kutoka mlangoni.

Sasa kuna jipya. Tukiwa kwenye bajaji mke wangu kaniambia ana wazo. Anatengeneza mafuta ya nywele ya parachichi, majirani wanayapenda, anataka kuanza kuyauza kwenye vichupa. Ameshachagua jina: Khaleesi Mafuta Asilia. Duka la uchapaji ameshaongea nalo. Wakili, hapo imekaaje?

#33 Wakili Gangilonga

Baba Kichanga, vipodozi ni daraja la 3. Msichapishe chochote kabla hatujatafuta kwenye daftari la BRELA kama kuna aliyetangulia kwenye daraja hilo. Huenda hakuna. Nipigie Jumatatu.

#34 Karani Mstaafu Mlandege

Na hata kama daftari ni jeupe, alama mashuhuri ni alama mashuhuri. Mimi ningeyaita mafuta hayo Tusekile.

#35 Mzee wa Tukuyu

Marahaba mwanangu. Tusekile Mafuta Asilia. Hata mimi kichwa hiki chenye mvi ningenunua.

#36 Dereva wa Makambako

Msimkatishe tamaa mama wa watu. Jina ni la mwanaye, cheti anacho mkononi.

#37 Mama Elsa Mavazi

Mimi pia cheti nilikuwa nacho. Mwambie mwenzio asubiri kwa wakili kwanza, hizo stika hazitaoza. Zangu mia nne ziko uvunguni mwa kitanda mpaka leo.